Kimya cha Mashine ya Dada

Dada yangu hakutaka kuhama. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote niliyoyafanya kipindi kile, kusoma, kupima, kupanda juu ya bati na kushuka, yalikuwa kwa ajili ya hilo moja.

Shemeji alifariki mwishoni mwa kiangazi. Arobaini ilipokwisha, wapwa zangu waliokuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam walikaa uani kwao, Sindeni, wakaniita nami. Walisema mama yao hawezi kubaki peke yake kwenye ile nyumba ya mlimani, ambako jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la muhogo. Walisema kwa heshima, wakiangalia chini. Dada aliwasikiliza mpaka mwisho, akakusanya vikombe vya chai, ndipo akasema kwamba atahama siku atakayokosa kazi ya kufanya pale. Mtu mwenye kazi hayuko peke yake, alisema, kwa sababu watu watakuja mlangoni. Wapwa zangu wakanitazama mimi mjomba wao, na mimi nikasema tumpe nafasi. Ikakubaliwa hivyo: akipata kazi ya kuleta watu, anabaki, isipowezekana, anaondoka bila maneno.

Kazi aliyoichagua ni kusaga nafaka.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme Korogwe. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyasoma mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini pamoja na viatu siku za gulio, na kwenye karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya inveta ambazo wenzangu huzitupa. Nina tabia ya kusoma karatasi hizo mpaka ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo dada aliponiambia anataka mashine, nilimwambia tusinunue ya dizeli. Mafuta yanafuatwa Mkata au Segera, yanabebwa kwenye madumu juu ya pikipiki, na yakikwisha kazi inasimama. Pale mlimani kwake jua lilikuwa linapiga bure tangu asubuhi. Nilikuwa nimesoma habari za mashine ndogo zinazosaga kwa sola, na nilikuwa na hamu ya kuiona moja kwa macho yangu.

Dada aliuza ng'ombe wa marehemu. Nilitafuta mota, nikatafuta paneli, nikaziunganisha kwanza kwenye kibanda changu Korogwe ili nione mwendo wake kabla ya kuzipeleka. Kisha tukajenga chumba kidogo ubavuni mwa nyumba yake, bati zikielekezwa upande unaofaa, na mashine ikafungwa juu ya zege. Siku nilipoiwasha kwa mara ya kwanza, dada alikuwa amesimama na ungo mkononi akingoja ngurumo. Haikuja. Palikuwa na mvumo tu, kama wa nyuki walio ndani ya mzinga, na unga ukaanza kushuka.

"Imewaka?" aliniuliza.

"Inasaga."

Aliinama akasikiliza, akacheka. Akasema anaweza kusikiliza taarifa ya habari huku anasaga. Kimya hicho tulikipenda wote wawili tangu siku ile, na ndicho tulichokisifia kwa kila mgeni. Wanawake waliofika walikaa juu ya magunia wakizungumza kwa sauti ya kawaida. Watoto wachanga walilala pale pale. Dada alikuwa akimwambia kila aliyeingia, njoo uone, mtu unaweza hata kunong'ona.

Nieleze na mashine nyingine, maana ilikuwapo. Bondeni, upande wa pili wa kilima, palikuwa na mashine ya dizeli ya mzee mmoja ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Alikuwa mtani wetu, na utani huo aliutumia bila huruma. Alikuja kutazama mashine ya dada wiki ile ile ya kwanza, mikono nyuma, akaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mama," alimwambia dada, "hii mashine yako inasaga au inasali?"

Watu wakacheka, dada naye akacheka. Akamjibu kwamba ya kwake yeye inapiga kelele kwa sababu ina njaa.

Majuma ya mwanzo watu walikuja wengi. Nilikuwa nikifika kila nilipopata nafasi: napanda gari la Handeni, nashuka, nachukua bodaboda mpaka mlangoni kwa dada, nakagua nyaya na kufuta vumbi kwenye paneli. Nilikuta ndoo zimepangwa foleni. Baadaye nikakuta ndoo chache. Halafu siku nyingine nikamkuta dada ameketi kwenye kiti cha marehemu mlangoni mwa chumba cha mashine, redio inazungumza peke yake, jua kali, mashine haina mahindi.

Nilimuuliza watu wanasema nini. Hilo ndilo swali nililoliona la maana: wanasema nini.

Walikuwa wanasema mengi, na la kwanza lilikuwa baridi. Mashine ya dizeli inazunguka kwa kasi kubwa, unga unatoka wa moto, na wanawake wa kwetu wamezoea kutia mkono ndani ya ndoo wausikie ule moto. Unga wa moto ni wako. Umesagwa sasa hivi, haukuchanganywa na wa mtu mwingine wala haukulala. Mashine ya dada ilikwenda taratibu, kwa hiyo unga wake ulitoka baridi. Wakaanza kuuita unga baridi. Kutoka hapo maneno yakapata miguu. Unga baridi hauna nguvu. Jua limeufyonza. Ugali wake haukai tumboni. Mama mmoja, mcheshi kuliko wote kijijini, alisimulia mbele yangu kwamba mume wake alikula akashiba, akaenda kulala, akarudi jikoni kuuliza kama chakula kimeiva.

"Sasa nikamwambia, baba, umekula. Akasema, nimekula nini? Nikamwambia, umekula jua."

Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni niliudhika, na nikaamua kulijibu jambo hilo kwa utaratibu. Wanawake walikuwa na kikundi chao cha kuweka akiba kilichokutana siku ya mapumziko. Niliomba ruhusa kwa mwenyekiti wao. Nikachukua mahindi ya gunia moja, nusu nikasaga kwa dada, nusu nikapeleka bondeni. Dada akapika sufuria mbili za ugali, mboga moja, maharage, na hakuna aliyeambiwa ipi ni ipi. Walikula wakinitazama. Nilipowataka waseme, waligawanyika; walioapa kwamba wanaujua ugali wa sola kwa ulimi walionyesha sufuria ya dizeli. Palikuwa na vicheko vingi. Yule mama mcheshi alinyoosha mikono akasema ameshindwa, na kwamba mume wake atapewa habari kuwa ni mlafi tu.

Nilirudi Korogwe nimeridhika. Nilidhani nimemaliza.

Baada ya hapo neno la unga baridi lilipungua kweli. Ndoo hazikuongezeka.

Wakaanza kusema mawingu. Hilo nalo lilikuwa na ukweli, kwani wakati wa masika mashine ililegea saa nyingine, na dada alilazimika kumwambia mtu asubiri wingu lipite. Nikaongeza betri. Betri zilifanya kazi niliyozitegemea, na mashine ikawa haisimami kwa wingu la kupita. Neno la mawingu likafa. Ndoo hazikuongezeka.

Nikaenda bondeni mwenyewe nikaone. Nilikaa pale asubuhi nzima kwenye jiwe, nikitazama kama nitazamavyo kifaa kilichokataa kufanya kazi. Kila nilichokiona kilikuwa kibaya kuliko kwa dada. Chumba kilijaa moshi. Kelele ilizuia mazungumzo, wanawake waliongea kwa mikono. Foleni ilikuwa ndefu, na mzee alisaga kwa zamu aliyoitaka yeye, jamaa zake mbele. Bei ilikuwa ile ile. Kwenye mdomo wa bomba la moshi lililotokeza juu ya paa alikuwa ameweka kopo la maziwa lililotobolewa, na lile kopo liliufanya mlio uwe mkali zaidi, tuku-tuku-tuku, hadi meno yanauma. Nilidhani ni la kuzuia mvua. Mashine iliposimama kwa kusubiri mahindi, nilimwambia mzee kwamba kopo lile linaibana injini na kuiongezea ulaji wa mafuta.

Alitazama juu, akatabasamu.

"Lile ndilo redio yangu, fundi."

Nikacheka, kwa kuwa nilijua anamtania dada na redio yake. Nikainuka nikapanda bodaboda. Jibu la maswali yangu yote lilikuwa limetamkwa mbele yangu na mtu aliyekuwa na sababu zote za kulificha, na mimi nilikuwa tayari nimevaa kofia ya pikipiki.

Kabla ya kuondoka pale nilikuwa nimewauliza na wanawake waliokuwa kwenye foleni, wale wale waliokula ugali wetu na kuusifia. Kwa nini mnashuka huku kwenye moshi? Mmoja alisema, "Tumezoea tu, kaka." Mwingine akasema njia ni hiyo hiyo. Wa tatu akasema alipita kwa dada juzi akadhani hayupo. Dada alikuwepo. Sikulitilia maanani, nilidhani ni adabu ya mtu aliyekutwa upande wa mwenzake. Neno "tumezoea" niliona si jibu. Nililichukua kama vile mtu anavyochukua kelele kwenye simu: ni kitu cha kuondoa ili usikie maneno yenyewe.

Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye semina Korogwe, kwenye ukumbi wenye feni, mimi na mafundi wenzangu. Mada ilikuwa namna wananchi wanavyopokea nishati safi. Mtoa mada alikuwa kijana mstaarabu, amesoma, na hakuwa na dharau. Alisema kikwazo kikubwa vijijini ni elimu: watu wanaogopa wasichokijua. Akauliza kama kuna mwenye mfano. Nilinyoosha mkono nikasimulia habari ya unga baridi, na nikamwingiza na yule mume aliyekula jua. Ukumbi ulicheka sana. Nilikaa chini nikiwa nimefurahi kwamba nimesimulia vizuri.

Nafikiria kicheko kile mara nyingi sasa. Wakati ule ule, mlimani kwetu, karibu kila bati lilikuwa na kipaneli chake. Watu walikuwa wanawasha taa za sola, wanachaji simu kwa sola, na wafugaji kule mbugani wanatembea na vipaneli vimefungwa juu ya mizigo ya punda. Hapakuwa na aliyewafanyia semina. Hakuna aliyeiita taa ile taa baridi. Nilikuwa naviona vipaneli hivyo kila nikipita, vingine nimevifunga kwa mikono yangu, na bado nilikaa ukumbini nikatikisa kichwa kukubali kwamba watu wetu wanaikataa sola kwa kutoijua.

Dada aliendelea kwa subira. Alisaga ya majirani wawili watatu, ya walimu, ya msikitini wakati wa Maulidi. Hakulalamika kwangu. Lakini wapwa zangu walikuwa wanapiga simu, na yeye hajui kusema uongo. Wakimuuliza, mama, leo wamekuja wangapi, alitaja ukweli. Siku moja aliniambia kwamba kiti cha marehemu kimeanza kumzoea yeye, na kwamba hilo si jambo zuri. Nilimwomba angoje mavuno. Mavuno yalikuja mazuri, mahindi yakajaa vihengeni, na mashine ya bondeni ikalia tangu alfajiri hadi jua linazama. Dada aliisikia akiwa kwake, mlangoni, kila siku. Nilimkuta anapepeta mahindi yake mwenyewe ili apate cha kusaga.

"Lumbu," aliniita, kama dada wa kwetu anavyomwita kaka yake, "tulikubaliana."

Nilijua anasema nini. Tulikuwa tumekubaliana na wanawe, uani, baada ya arobaini. Hata hivyo alikataa kwenda Dar es Salaam. Alisema kama ni kuhama, atahamia kwangu Korogwe, ambako angalau atapata watu wa kusema naye Kizigua. Wanawe wakaridhia.

Akaanza kuaga. Kwetu mtu mzima hahami kwa kufunga mlango tu. Anakwenda nyumba kwa nyumba, anaketi, anakunywa kinachotolewa, anataja anakokwenda na anaomba radhi kwa ya nyuma. Wenyeji nao wanamjia na cha mkononi: kuku, mbaazi, kanga, mkeka. Akishaaga, ameondoka, hata kama mzigo wake bado uko ndani. Akionekana kijijini mwezi ujao bila sababu, watu wanakosa pa kumweka. Ni kama aliyeliwa karamu yake kisha akarudi kuidai. Dada alizunguka kilima chote na bonde lote. Mtani wetu wa dizeli alipanda mwenyewe kuja kumuaga, akiwa na ndoo ya unga kichwani, mzee wa umri ule. Aliiweka miguuni kwa dada akasema sasa atamchokoza nani. Dada alitia mkono kwenye unga. Ulikuwa bado wa moto.

"Umetembea haraka," alimwambia.

"Nimetembea kama mwizi," alisema mzee, na hawakucheka sana.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa juu ya paa na spana, nafungua paneli. Gari dogo la mizigo lingefika mchana. Nilikuwa nimeshaondoa paneli mbili na kuzitelemsha kwa kamba wakati nilipomwona mwanamke wa kifugaji akitokea kwenye njia ya mbugani, shuka jekundu, punda wawili mbele yake wamebeba magunia. Nilimfahamu kwa sura tu. Watu wa boma lao hupita kwenda gulioni. Alikuwa anapita tu. Alisimama kwa sababu aliniona mimi juu, akataka kujua kama nyumba inabomolewa. Akamsalimu dada. Kisha akatupa macho kwenye chumba cha mashine, ambacho mlango wake ulikuwa wazi kwa ajili ya kutoa vitu.

"Kumbe hapa kuna mashine?"

"Ipo, mama," dada alisema. "Ipo tangu mwaka jana. Hukuwahi kuiona?"

"Nyumba naiona. Mashine siisikii." Alionyesha kwa fimbo mawe makubwa yaliyo mwanzo wa kilima, kule alikotoka. "Mimi nikifika pale nasimama. Nasikiliza. Ikilia upande ule, naenda ule. Ikinyamaza, nafungua punda wanywe maji, narudi boma. Najua imekufa, au mafuta hakuna."

Alisema bila msisitizo wowote, kama mtu anayekueleza kisima kiko wapi. Nilikuwa nimeshika nati mkononi. Sikumbuki kama niliiweka mfukoni au ilianguka.

Dada aliketi juu ya gunia lililofungwa tayari kwa safari. Ndipo akaniita bila kuinua uso.

"Umesikia, lumbu?"

"Nimesikia."

Yote yalijipanga pale pale juu ya bati, na yalijipanga kwa urahisi ulioniumiza. Wanawake wako mashambani. Nyumbani wameacha mahindi yamekwisha kukobolewa. Hawawezi kujitwika ndoo na kupanda kilima kwa kubahatisha. Wanangoja mlio. Mlio ukianza, mmoja anaacha jembe, anapita nyumbani, anabeba. Mlio ukikatika anajua ameokoka na safari. Hakuna aliyewahi kuamua iwe hivyo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulisema. Walipoulizwa kwa nini hawaji, walitafuta ndani ya vichwa vyao wakakuta baridi, wakakuta mawingu, wakakuta mazoea, na walinijibu kwa ukweli wote waliokuwa nao. Katika kijiji ambacho mashine isiyosikika ni mashine mbovu, sisi tulikuwa tumekaa mlimani zaidi ya mwaka tukitangaza kwamba ya kwetu haisikiki. Aliyepita akadhani dada hayupo alikuwa amesema kweli tupu. Na mimi nilikuwa nafika kwa bodaboda, injini ikilia kati ya miguu yangu, mpaka mlangoni. Sikuwahi hata mara moja kupanda kile kilima kwa miguu, kutokea mashambani, nikiwa nimebeba kitu.

Nilishuka. Nilimwambia dada kwamba jambo lenyewe ni dogo. Rimu moja la lori, nitalipata gereji Segera, tunalining'iniza kwenye nguzo, likipigwa asubuhi linasikika mpaka bondeni. Likipigwa tena ujue tumefunga. Paneli mbili nazirudisha sasa hivi, kabla gari halijafika. Nilizungumza haraka kuliko kawaida yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wanawe.

"Nimeshaaga," alisema.

"Watu wataelewa, dada."

"Wataelewa. Watakuja, watasaga kwa kunionea haya, kwa sababu kuku wao nimekula." Aliinuka akajifunga kanga upya. "Msagie huyu mama kwanza. Amesimama juani."

Nilipanda tena, nikarudisha zile paneli mbili na kuunga nyaya. Jua lilikuwa zuri. Punda walifunguliwa, magunia yakaingizwa, na dada akasimama penye nafasi yake ya siku zote, mkono juu ya mdomo wa kapu la mahindi, akiyateremsha kidogo kidogo. Mashine ilivuma kwa sauti yake ya nyuki. Yule mama alisogea karibu, akashangaa kwamba anaweza kuongea, akaongea. Alisimulia habari za ndama na za binti yake aliyejifungua. Unga ulipotoka alitia mkono, na mimi nikajiandaa kulisikia lile neno.

"Huu ni mzuri," alisema. "Wa kule naufunga wa moto, nikifika boma umetoa jasho, unaganda. Huu umepoa."

Dada alimkung'utia unga uliobaki kwenye mfuko, akamfungia magunia kwa kamba, akamsaidia kuwapakia punda. Walipeana mikono. Mama akauliza kama akija mwezi ujao atalipia bei hii hii. Dada akamwambia hapana mashine mwezi ujao, anahama. Mwanamke yule alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatazama gari dogo lililokuwa linapanda kilima kwa gia nzito. Aliwaswaga punda wake. Mimi nikarudi juu ya paa.

Paneli zile ziko Mkata sasa, juu ya kibanda cha kinyozi karibu na stendi. Anachaji simu za abiria na za wenyeji. Nimepita pale, kuna watu siku zote, na hakuna anayeuliza umeme ule unatoka wapi. Mota ninayo mimi, imefungwa ndani ya gunia chini ya meza ya kazi. Mara mbili watu wamekuja kuitaka, na mara zote nimewaeleza habari ya rimu kabla ya kuwaeleza habari ya volti. Mmoja aliniona kama nimechanganyikiwa. Mota sijamuuzia yeyote bado.

Dada anaishi nami. Nilitoa vifaa kwenye chumba cha stoo nikakipaka rangi anayoipenda. Ana marafiki wa kusema nao Kizigua, tena wawili. Ana mahali pake msikitini. Wanawe wanakuja mara kwa mara na wanasema amenawiri. Hajanilaumu kwa lolote, wala hakuna jioni ambayo tumeketi tukazungumza juu ya yale. Mashine ya kusaga iko mtaa wa pili kutoka kwetu, ya umeme wa gridi, ndani ya fremu yenye mlango wa chuma. Haisikiki hata ukiwa barabarani. Mjini hilo halimsumbui mtu. Unapita unakwenda dukani, unaona mlango uko wazi.

Lakini siku akiwa na mahindi ya kusaga, dada huyaweka kwenye ndoo, huifunika kwa ungo, halafu hutoka uani. Husimama karibu na kamba ya nguo akiwa ameelekeza uso upande wa mtaa ule, kimya, kwa muda mfupi tu. Mimi huwa namwona kutoka kibandani kwangu na huacha kugonga ninachokigonga. Kisha hukumbuka, hujitwika ndoo, na huenda.